Softiwea za kupima mwanga wa mchana kwenye majengo: Radiance, Honeybee, ClimateStudio, VELUX au DIALux, uchukue ipi?

Swali linalorudi kila mara kwa wanaochora majengo ni hili: nitumie softiwea gani kuonyesha kwamba vyumba vyangu vitapata mwanga wa mchana wa kutosha bila kuwasha taa, na bila watu kuchomwa macho? Mwanafunzi analiuliza akifika mradi wa mwisho, ofisi inaliuliza siku mteja anapotamka neno LEED, kile cheti cha Marekani cha majengo rafiki kwa mazingira, injinia wa umeme analiuliza akiambiwa apunguze idadi ya taa. Na majibu ni yale yale, kila mtu anasifia aliyofundishwa nayo. Mi naziweka zote mezani hapa tuzitazame, ila kuna jambo moja lazima litangulie kwa sababu wauzaji hawalisemi kwa sauti: nyingi ya hizi programu ndani yake ni kitu kimoja.

Kitu chenyewe ni Radiance, injini ya kupiga hesabu za mwanga. Greg Ward alianza kuiandika katikati ya miaka ya 1980 pale maabara ya Lawrence Berkeley, California, na tangu 2002 iko wazi, yeyote anaruhusiwa kuichukua na kujengea chake juu yake. Watu wakajenga kweli. Honeybee inaiita Radiance kwa nyuma, ClimateStudio hivyo hivyo, IESVE ina moduli yake kabisa ya RadianceIES, DesignBuilder nayo imo, Sefaira nayo imo. Ni kama daladala, bodi tofauti, rangi tofauti, maandishi ya kwenye kioo cha nyuma tofauti, ukifungua boneti injini ile ile. Kwa hiyo mtu akikwambia "yangu inatoa majibu sahihi kuliko yako" na zote mbili zinatumia Radiance, muulize kwanza aliweka setingi gani na ukuta wake aliupa rangi gani, tofauti nyingi ziko hapo. Hela unayolipa inakununulia wepesi wa kuingiza modeli, kasi, na ripoti inayotoka ikiwa tayari kwenda kwa mteja. VELUX na DIALux zina injini zao wenyewe, tutazifikia.

Kwanza ujue unapima nini

Hapa ndo pana ishu kubwa kuliko softiwea yenyewe, nitakaa kidogo.

Kipimo cha zamani ni DF, yaani daylight factor. Unachukua mwanga ulioko juu ya meza ndani ya chumba, unagawanya kwa mwanga wa nje mahali pa wazi, unapata asilimia. Asilimia 2 watu wanasema chumba kinaanza kufaa, asilimia 5 wanasema kina mwanga wa kutosha kabisa. Sasa hesabu hiyo inafanyika chini ya anga maalumu la CIE (tume ya kimataifa ya mwanga), lililofunga mawingu kila upande, utosini linang'aa mara 3 kuliko kwenye upeo, na jua halimo. Jua halimo, kwa hiyo kaskazini na kusini hazimo pia. Lichukue jengo lako ulizungushe nyuzi 90, madirisha yaliyokuwa yanaangalia kusini sasa yaangalie magharibi, DF haibadiliki hata nukta. Kwa Uingereza au Denmark ambako mawingu ndo maisha ya kila siku, kipimo kina mantiki, na ndiko kilikolelewa.

Njoo huku. Dar es Salaam iko nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Tarehe 21 Juni mchana jua likifika juu kabisa liko upande wa kaskazini, kimo chake nyuzi 60 hivi. Tarehe 21 Desemba limehamia kusini, kimo nyuzi 73. Katikati hapo, mwanzoni mwa Machi na tena kwenye Oktoba, linapita utosini. Nairobi iko nyuzi 1.3 kusini na mchezo ni ule ule, karibu nusu mwaka upande huu na nusu upande ule. Maana yake ule ujanja wa vitabu vya Ulaya wa kuelekeza vioo kaskazini ili jua lisiingie, huku haufanyi kazi, kaskazini kwenyewe jua linakuja miezi kadhaa. Na mashariki na magharibi ndo balaa zaidi, jua la asubuhi na la jioni linaingia chini chini, kibaraza kirefu namna gani hakiwezi kulizuia. Katika yote hayo DF haikuambii kitu.

Vipimo vya kisasa vinahesabu mwaka mzima. Programu inasoma faili la hali ya hewa la mji wako, lile la EPW lenye saa zote 8,760 za mwaka, inapiga hesabu saa baada ya saa. Humo unapata sDA, yaani asilimia ya eneo la chumba inayopata angalau lux 300 (lux ni kipimo cha mwanga unaoangukia juu ya uso) kwa nusu ya saa za kazi, na saa za kazi wanazihesabu saa 2 asubuhi mpaka saa 12 jioni. Unapata ASE pia, eneo linalopigwa na jua la moja kwa moja la lux 1,000 na kuendelea kwa zaidi ya saa 250 kwa mwaka. Ukihesabu saa 10 kwa siku mara siku 365 ni saa 3,650, kwa hiyo 250 ni kama asilimia 7 tu, kipimo ni kikali. Vyote viwili vimetoka kwenye waraka wa LM-83 wa IES, chama cha wataalamu wa mwanga cha Marekani, mwaka 2012, na LEED ikavibeba: kwenye LEED v4 unatafuta sDA ya asilimia 55 kupata pointi 2 na asilimia 75 kupata 3, huku ASE isipite asilimia 10. Ulaya wana kiwango chao cha mwanga wa mchana, EN 17037 ya 2018. Halafu kuna UDI inayoangalia ni muda gani mwanga uko kwenye kiasi chenye faida, kwa kawaida lux 100 mpaka 3,000, na kuna DGP ya kuchomwa macho, ikipita 0.40 mtu anakereka, ikipita 0.45 anafunga pazia.

Ningeambiwa nichague kimoja kwa majengo ya pwani, ningechukua UDI ile sehemu ya juu, inayohesabu saa ambazo mwanga umezidi. Lux 300 kuipata Dar au Mombasa si kazi, dirisha la kawaida linakupa, kinachotushinda ni wingi na joto linaloingia nalo. sDA ya asilimia 100 inapendeza kwenye slaidi ya mteja, lakini darasa lenyewe watoto wa upande wa dirisha wamesogeza madawati katikati na ubao hausomeki.

Kwa hiyo kigezo cha kwanza cha kuchagua: je softiwea inafanya mwaka mzima na faili la mji wangu, au inaishia DF? Ukishajibu hilo, nusu ya mjadala imeisha.

Radiance mbichi

Ya bure, inakaa kwenye Linux, Mac na Windows. Haina vitufe. Unafungua skrini nyeusi unaandika amri: oconv ya kuunganisha modeli, gensky ya kutengeneza anga, rtrace ya namba, rpict ya picha. Uwezo wake hauna mpaka, unaweza kupima kioo cha ajabu, pazia la ajabu, chochote, na kila hatua unaiona kwa macho, hakuna kilichofichwa. Ubaya ni kwamba inapasua kichwa, na inakuachia ukosee kimya kimya bila kukuonya.

Mifano miwili ya kukosea huko ili uelewe nachosema. Amri ya gensky inahesabu longitudo kwenda magharibi, ni ya Wamarekani hii, kwa hiyo sisi wa mashariki tunaweka alama ya kutoa, na kusini mwa ikweta unaweka ya kutoa tena. Dar tarehe 21 Juni saa 6 mchana inaandikwa hivi: gensky 6 21 12 +s -a -6.8 -o -39.3 -m -45. Hiyo 45 ni masaa 3 mbele ya Greenwich mara nyuzi 15. Sahau hizo alama na hesabu itaendelea vizuri tu, namba zitatoka, picha itapendeza, ila jua ni la mahali pengine. Na usipoandika mahali kabisa, inachukua California. Mfano wa pili, ukiita rtrace bila kusema mwanga udunde mara ngapi, yaani ile -ab, kiwango chake cha kuanzia ni 0. Sifuri. Mwanga haudundi popote, chumba chenye kibaraza kinatoka giza totoro. Kwa chumba chetu cha kawaida chenye kibaraza au matofali ya matundu mi siendi chini ya 5.

Nani aichukue? Anayefanya utafiti, anayependa kuandika skripti, au mwenye laptopu yenye kadi ya NVIDIA anayetaka kujaribu Accelerad, toleo la Radiance linalotumia kadi ya picha. Mwenye wasilisho wiki ijayo aachane nayo.

Honeybee ndani ya Grasshopper

Hii ndo naona inawafaa wengi, hasa vijana. Ni familia ya Ladybug Tools, iliyoanza 2013 na Mostapha Sadeghipour Roudsari, plagini ni za bure, zinakaa ndani ya Grasshopper, na Grasshopper inakaa ndani ya Rhino, programu ya kuchora modeli za 3D. Rhino si ya bure, lakini kuna mambo mawili mazuri: ukiinunua ni yako, hulipii kila mwaka, na toleo la majaribio linafanya kazi kamili kwa siku 90, muda unaomtosha mwanafunzi aliyejipanga kumaliza tasnifu.

Badala ya kuandika amri unaunganisha visanduku kwa waya. Kuna resipe tayari ya DF, ya saa moja ya siku fulani, ya saa za jua la moja kwa moja, ya mwaka mzima inayotoa UDI na wenzake, na ya kuchomwa macho. Utamu wenyewe uko kwenye kubadilisha: unaweka slaida ya urefu wa kibaraza, unavuta kutoka mita 1 mpaka mita 2.5, unaona jua linaingia kiasi gani kwa kila urefu, na hapo ndo mchoro unabadilika kweli badala ya kuhalalishwa baadaye.

Karaha zake: kuinstoli. Honeybee yenyewe, Radiance yenyewe, na kama unataka nishati pia kuna OpenStudio, na matoleo lazima yaendane, kuna jedwali la kuonyesha lipi linakubaliana na lipi, lisome kabla hujashusha chochote, bando lisije likaisha kwa vitu visivyoongea. Pia modeli. Honeybee inataka vyumba vilivyofungwa, nyuso zinazokutana, dirisha likae ndani ya ukuta wake, ukileta modeli ya SketchUp iliyochorwa kwa ajili ya renda, ina viti, ina maua, ina ukuta wa nyuso 4, utalia. Chora upya, modeli ya mwanga inatakiwa iwe nyepesi. Na mwaka mzima kwenye laptopu ya kawaida gridi ya nukta za kupimia ikiwa ndogo ndogo inaweza kula masaa, anzisha ukalale, ukiomba umeme usikatike.

Wenye Ladybug wana bidhaa ya kulipia pia, Pollination, inapeleka hesabu kwenye kompyuta za mbali na ina plagini ya Revit, ile programu ya kuchorea majengo. Kwa ofisi iliyozama kwenye Revit na yenye intaneti ya kueleweka, inafaa kuangaliwa.

ClimateStudio

Wale wa DIVA, ile plagini iliyotokea Harvard, ndo hawa, kampuni yao inaitwa Solemma. Inakaa ndani ya Rhino pia. Kasi yake ndo inayouza: matokeo yanaanza kuonekana kwenye skrini mara moja, yakiwa na chenga chenga, halafu yanazidi kutulia kadiri inavyoendelea, ukiona mwelekeo mbaya unasimamisha unarekebisha. Ina maktaba ya vifaa vilivyopimwa, vioo, rangi, na ina mtiririko wa LEED uliokamilika, unabonyeza inatoa sDA, ASE na jedwali la kupeleka.

Na hapo kwenye LEED inakuokoa kitu ambacho wengi hawakijui. LM-83 inataka mapazia yahesabiwe yanafungwa pale zaidi ya asilimia 2 ya gridi inapopigwa na jua la moja kwa moja, saa kwa saa. ClimateStudio inakufanyia, Honeybee inaweza lakini lazima upange madirisha kwenye makundi mwenyewe na ujue unachofanya.

Ubaya ni hela. Unalipia Rhino, halafu unalipia hii kila mwaka. Kwa ofisi ya watu watatu inayopata mradi mmoja wa LEED kwa miaka miwili, hesabu haikubali, bora umpe kazi mshauri mwenye nayo. Kwa wanafunzi na vyuo kuna leseni za elimu, waulize idara yako kabla ya kwenda kutafuta kreki, maana hizo za kreki zinakuja na virusi, na ripoti ya kitaalamu iliyotoka kwenye kreki ni aibu siku ikijulikana.

Kati ya hii na Honeybee mimi naona hivi: unayejifunza, chukua Honeybee hata kama ClimateStudio unaipata bure, kwa sababu visanduku vinakulazimisha kuelewa nini kinaingia wapi. Unayetafuta mkate na tarehe iko ukutani, ClimateStudio.

VELUX Daylight Visualizer

Ya bure kabisa, imetolewa na kampuni ya Denmark inayotengeneza madirisha ya paa. Injini yake imepitishwa kwenye majaribio ya CIE 171 ya 2006, kwa hiyo si ya kitoto. Unaingiza modeli ya SketchUp au AutoCAD, au unachora chumba humo humo, unachagua mahali, unapata picha safi na ramani ya DF. Mtu ambaye hajawahi kugusa simulesheni anapata jibu siku hiyo hiyo.

Lakini kumbuka inatoka wapi. Imejengwa kwa swali la kule, mawingu, paa la mteremko, dirisha la paani, majira ya baridi ambayo watu wanautafuta mwanga kwa udi na uvumba. Unaweza kuiambia ionyeshe anga lenye jua kwa tarehe fulani, na hapo ndo ungeitumia huku: toa picha za 21 Juni, 21 Desemba na Machi, asubuhi, mchana na jioni, uone jua linaangukia wapi. Kwa kumshawishi mteja kwamba ile ukuta wa kioo wa magharibi ni wazo baya, picha 9 za namna hiyo zinatosha kuliko jedwali la sDA asilolielewa. Kwa hesabu ya saa zote za mwaka, nenda kwa wenzake wa Radiance.

DIALux evo

Hii watu wa umeme wanaijua tayari, imetoka kwa DIAL, Wajerumani wa Lüdenscheid. Kazi yake ya kwanza ni taa: unaleta mafaili ya taa kutoka kwa watengenezaji, inakupangia, inakuambia lux ngapi juu ya meza. Mwanga wa mchana upo kama nyongeza, anga wazi, anga la kati, anga la mawingu, saa na tarehe unayotaka, na DF.

Nguvu yake ni pale unapotaka kuunganisha viwili, mfano safu ya taa iliyo karibu na dirisha iwe na swichi yake ili mchana izimwe, safu ya ndani iendelee kuwaka. Hilo kwenye DIALux unalionyesha vizuri na injinia mwenzako analielewa hapo hapo. Kwa msanifu anayetafuta umbo la jengo bado, haikusaidii sana. Relux ya Waswisi iko jirani sana na hii, anayejua moja hahitaji nyingine.

Zile kubwa, na ile iliyokufa

IESVE ya Glasgow na DesignBuilder ni za ofisi za ushauri, mwanga ni moduli moja kati ya nyingi, ukinunua unanunua kwa ajili ya nishati na viyoyozi halafu mwanga unakuja humo humo. Kama ofisi tayari inayo, tumia, usitafute nyingine. Kama haina, usiinunue kwa ajili ya mwanga peke yake.

Ecotect, programu ya zamani ya kuchambua majengo, bado inazunguka kwenye flashi za vyuoni. Autodesk waliinunua 2008, wakaacha kuuza leseni mpya 2015. Hesabu zake za ndani za DF ni ile njia ya kugawa mwanga mafungu ya anga, vitu vya nje na kudunda kwa ndani, njia ya kukadiria tu, na chumba chenye matofali ya matundu kinaichanganya. Ila Andrew Marsh aliyeiunda ana programu ndogo ndogo za kwenye brauza, za bure, za njia ya jua na kivuli, hizo ni dhahabu kwa hatua ya mwanzo kabisa ya mchoro, hata kwa simu unaona jua linapita wapi juu ya kiwanja.

Vitu ambavyo softiwea zote zinavisahau

Sasa twende kwenye nyavu za mbu, maana ripoti nyingi nazoziona hazina. Dirisha letu si kioo tu. Kuna kioo, kuna wavu, kuna grili, na vyote vinakula mwanga, ila modeli ina kioo safi kama duka la Ulaya.

Piga hesabu ndogo. Wavu wenye uzi wa milimita 0.3 na umbali wa milimita 1.6 kutoka uzi hadi uzi: nafasi wazi ni 1.3 kati ya 1.6 kila upande, ukizidisha unapata kama 0.66. Theluthi nzima ya mwanga imeishia kwenye wavu, na hapo haujashika vumbi. Kioo cha kawaida cheupe kinapitisha kama 0.88, ukizidisha na 0.66 unabaki na 0.58. Modeli isiyo na wavu imekuongezea nusu ya mwanga ambao haupo. Hakuna tofauti ya ClimateStudio na Honeybee inayofikia ukubwa huo.

Njia rahisi ya kuuingiza ni kupunguza kioo chenyewe, ila ukiwa ndani ya Radiance au Honeybee uwe makini, kifaa cha glass hakitaki ile namba ya kwenye karatasi ya muuzaji, kinataka namba nyingine inayopatikana kwa fomula: kioo cha 0.88 kinaandikwa 0.96, na hiki chetu cha 0.58 kinaandikwa 0.63 hivi. ClimateStudio unachagua kioo kwenye maktaba, kwa hiyo tafuta kinachokaribia 0.58 halafu uandike kwenye ripoti kwa nini. VELUX na DIALux unaingiza asilimia moja kwa moja. Grili ichore kama ilivyo, usiilainishe, nondo zake zinaziba pia, hasa jua likija kwa pembe.

Kitu kingine ni uakisi wa nyuso, yaani asilimia ya mwanga ambayo uso unairudisha. Programu nyingi zinaanza na sakafu asilimia 20, ukuta 50, dari 70 au 80. Dari 80 ni jipsamu nyeupe mpya. Darasa lisilo na dari, unaona mabati na mbao za kenchi moja kwa moja, haliko hapo hata kidogo, na mabati yakishika kutu ndo kabisa. Ukuta wa chini uliopakwa rangi ya mafuta ya kahawia ili uchafu usionekane, huo nao si 50. Ukitaka makadirio ya haraka, chukua karatasi nyeupe ya printa, hesabu kama 80, iweke ukutani, pima kwa kifaa cha lux kikielekezwa kwenye karatasi halafu kwenye ukuta kwa umbali ule ule, linganisha. Si kazi ya maabara ila ni bora mara mia kuliko namba ya Marekani.

Na faili la hali ya hewa. Kwa miji yetu utalipata bure kwenye climate.onebuilding.org, Dar, Nairobi, Mombasa na mingineyo. Ujue tu kwamba mengi ya mafaili ya TMYx pale (ya mwaka wa mfano wa hali ya hewa), data ya jua imetoka kwenye modeli ya hali ya hewa ya kompyuta iitwayo ERA5, si kifaa kilichokuwa kimefungwa uwanja wa ndege, kwa hiyo usibishane na mtu kwa tofauti ya asilimia 2 au 3. Usichukue faili la Mombasa ukalitumia Arusha kwa sababu tu lilikuwa tayari kwenye kompyuta.

Haya, uchukue ipi

Mwanafunzi wa Ardhi, JKUAT au UoN mwenye laptopu ya kawaida: programu za kwenye brauza za Andrew Marsh wiki ya kwanza, halafu Honeybee na siku 90 za Rhino. Ukianza siku 90 kabla hujamaliza kuchora umezichoma bure, kwa hiyo malizia mchoro kwanza.

Ofisi ndogo ya nyumba na maghorofa madogo, mteja hana habari na vyeti: VELUX, picha za jua, basi. Usimuuzie mtu sDA.

Ofisi yenye LEED mara kwa mara: ClimateStudio, na mtu mmoja aliyejifunza vizuri badala ya wanne wanaogusagusa. Injinia wa umeme: baki na DIALux yako, ila ukiulizwa jua la magharibi lipeleke kwa msanifu. Mtafiti: Radiance mbichi, na uvumilie.

Na kama wewe hutapiga hesabu mwenyewe bali unaletewa ripoti na mshauri, omba vitu vinne kabla ya kusaini: jina la faili la hali ya hewa, uakisi wa kila uso, kioo kinapitisha kiasi gani na kama wavu umehesabiwa, na gridi yenyewe ikiwa na namba. Ramani ya rangi peke yake usiikubali, kwa sababu skeli anaichagua yeye: chumba kile kile kwenye skeli ya 0 mpaka 500 kinatoka chekundu chote, kwenye skeli ya 0 mpaka 5,000 kinatoka bluu, na zote mbili si uongo.